Dawa ya Kulowesha Udongo kwa Nyasi za Nyumbani na Uwanja wa Mpira: Mwongozo Kamili kwa Walioko Tabora

Mvua zikishakatika Tabora, nyasi zilizopandwa kwenye mchanga huanza kutoa mabaka. Unamwagilia jioni, maji yanaonekana yameingia, asubuhi kiraka kilekile kikavu na majani yamejikunja, ilhali hatua mbili pembeni ukoka umestawi vizuri tu. Mwenye bustani anaongeza maji. Bili inapanda, simtanki linakwisha kabla ya wakati, na kiraka kinazidi kupanuka.

Mara nyingi shida hapo si uchache wa maji. Chembe za mchanga zimevaa utando wa nta na zinayafukuza maji yanayomwagwa juu yake. Hali hiyo ina dawa zake, ambazo wauzaji huziita wetingi ejenti na wataalamu huziita safakitanti za udongo. Hapa nitaziita dawa za kulowesha udongo. Zinafanya kazi, tena vizuri, lakini kwenye udongo wenye ugonjwa huo tu. Kwenye udongo wenye ugonjwa mwingine ni fedha iliyomwagwa chini pamoja na maji. Kwa shule inayochangisha wazazi ili watoto wachezee kwenye majani, hilo ni jambo zito, na ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu kupima kabla ya kununua.

Kinachofanya mchanga ukatae maji

Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mchanga uliotokana na granaiti, ileile unayoiona imejitokeza kwenye vilima vya mawe kandokando ya barabara. Mchanga una chembe kubwa, na chembe kubwa zina eneo dogo la nje ukilinganisha na mfinyanzi wa uzito uleule. Kwa hiyo hauhitaji nta nyingi kuzifunika. Nta yenyewe inatoka kwenye majani na mizizi inayooza, na kwenye kuvu wanaoishi ndani ya udongo. Udongo ukiwa na unyevu hali hiyo haijitokezi. Ukikauka kupita kiwango fulani, nta inageukia nje, na kuanzia hapo maji yanapita juu au yanatafuta vijia vichache na kuteremka navyo moja kwa moja, huku pande zote mbili za kijia zikibaki vumbi.

Mambo mawili ya huku kwetu yanaongeza tatizo. Moja ni mikaratusi. Imepandwa sana kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, na majani yake yana mafuta na nta nyingi. Udongo ulio chini yake unajulikana duniani kote kwa kukataa maji. Uwanja uliozungukwa na mikaratusi huanza kuonyesha mabaka upande wa miti, na juu ya hapo mizizi ya miti inanyonya unyevu uliopo. La pili ni moto. Kuchoma majani makavu juu ya bustani, au kuacha moto wa nyika upite uwanjani, huweza kuifanya nta igeuke mvuke, ishuke sentimita chache chini, ipoe na kugandia mchanga wa hapo. Juu panaonekana safi, lakini chini pamejengeka tabaka linalozuia maji. Ukiweza kukataza jambo moja tu shuleni kwako, kataza kuchomea takataka kwenye majani.

Hatua ya kwanza: tone la maji

Kipimo hiki hakihitaji maabara. Chukua bomba la chuma la inchi moja, kipande cha sentimita 30, linoe mdomo kwa tupa. Lipige ardhini hadi sentimita 15 katikati ya kiraka kikavu, lizungushe, litoe, kisha sukuma udongo utoke ukiwa mzima kwa kijiti. Kisu kirefu pia kinafaa kama udongo haumomonyoki. Toa vipande vitatu au vinne kwenye viraka, na vingine viwili mahali penye nyasi nzuri, maana bila hivyo huna cha kulinganisha. Vilaze juu ya gazeti, kivulini, ndani ya nyumba, vikauke kwa wiki moja.

Nunua sirinji duka la dawa. Dondosha tone moja moja kwenye kila sentimita ya kipande, kuanzia juu kwenda chini, na uanze kuhesabu kwa saa ya simu. Udongo usio na ugonjwa unalimeza tone kabla ya sekunde 5. Ugonjwa ukiwepo, tone linasimama juu ya mchanga kama ushanga, linang'aa, na ukiinamisha gazeti linaviringika na kubeba vumbi mgongoni. Likikaa kati ya sekunde 5 na 60, ugonjwa ni mdogo. Kati ya dakika 1 na 10, ni mkubwa. Likipita dakika 10, ni mkali, na likipita saa nzima umefika daraja la juu kabisa katika kipimo hiki.

Angalia pia kina, kwa sababu ndicho kitakachokuongoza kwenye kuchagua. Mara nyingi matone yanasimama kwenye sentimita 2 hadi 5 za juu, chini yake yananywewa kawaida. Hiyo ndiyo hali inayotibika kwa urahisi. Kama matone yanasimama hadi sentimita 10, jiandae kwa kazi ya msimu mzima.

Na kama matone yote yanamezwa papo hapo? Basi usinunue dawa. Tafuta chanzo kingine, na vyanzo vyenyewe si vingi:

Maji hayafiki sawa. Panga makopo matupu kumi au zaidi ya ukubwa mmoja, fungua vinyunyizio kwa dakika 15, kisha pima kilichomo. Kopo moja likiwa na maradufu ya jingine, umeshapata jibu.

Udongo umeshindiliwa. Chukua bisibisi ndefu uisukume ardhini siku moja baada ya kumwagilia. Ikigoma kuingia hata sentimita 8, unachohitaji ni kutoboa kwa uma wa bustani. Mbele ya magoli karibu kila uwanja uko hivi, na nimeshaona watu wakimimina dawa ghali hapo wakati miguu ya wachezaji ndiyo iliyoharibu.

Mchwa. Kiangazi wanakata nyasi kutoka chini, na kiraka chao ukikivuta kwa mkono kinang'oka chote, mara nyingi kina udongo uliojengwajengwa juu ya mashina.

Kifusi kilichofukiwa wakati wa ujenzi. Chimba kidogo ujionee.

Hatua ya pili: jua udongo wako ni wa aina gani

Hii ni fupi. Jaza udongo theluthi moja ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, ongeza maji karibu ijae, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, juu yake tope laini, juu kabisa mfinyanzi. Kama zaidi ya theluthi mbili ya kilichotua ni mchanga, dawa za kulowesha zina nafasi kwako. Kama uko bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa kiangazi, shida yako ni maji kupenya polepole kwenye mfinyanzi, na dawa hizi hazibadilishi ukubwa wa matundu ya udongo. Hapo weka mboji, toboa, na mwagilia kidogo kidogo kwa awamu. Jasi husaidia tu pale udongo ulipojaa chumvi ya sodiamu, si kwa kila mfinyanzi.

Hatua ya tatu: elewa unachokinunua

Molekuli ya safakitanti ina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji. Ikifika kwenye chembe ya mchanga, upande wa mafuta unajishika kwenye nta na upande wa maji unabaki nje. Maji yakija yanakuta mwenyeji wao, yanatandaa na kuingia. Nta yenyewe bado ipo, imefunikwa tu. Ndiyo maana dawa inarudiwa: vijidudu vya udongo vinaila taratibu, na joto linaharakisha.

Safakitanti zinagawanywa kwa chaji. Zenye chaji hasi ndizo zilizo kwenye sabuni nyingi za kuoshea. Zenye chaji chanya hutumika zaidi kuua vijidudu, na kwa nyasi hazifai. Unazozitaka wewe ni zisizo na chaji, kwa sababu haziunguzi majani kirahisi na hazigombani na maji magumu ya kisima wala na mbolea. Neno hilo litafute kwenye kibandiko kabla ya lingine lolote. Ndani ya kundi hilo utakutana na familia kadhaa.

Kopolima za bloku ndizo zinazotumika zaidi duniani kwenye viwanja. Ni minyororo mirefu yenye sehemu zinazopenda maji na zisizoyapenda zikipokezana. Zinashika vizuri kwenye mchanga, na kulingana na muundo zinadumu wiki nne hadi miezi mitatu. Kama ningeambiwa nichague kwa kufumba macho kwa ajili ya uwanja wa mchanga hapa Tabora, ningechagua hizi, za kioevu, zenye kipimo cha mwezi mmoja.

Alkili poliglukosidi zinatengenezwa kwa sukari na pombe za mafuta ya mimea. Zinafanya kazi haraka, ni laini kwa majani, na zinaoza upesi. Mara nyingi huchanganywa na kopolima za bloku, na mchanganyiko huo unalowesha haraka kuliko kila moja peke yake.

Zenye silikoni zinashusha mvutano wa maji kuliko zote na zinatandaa kwa kasi ya ajabu kwenye jani. Kwa udongo wa mchanga mimi sizipendekezi zikiwa peke yake, kwa kuwa hazidumu, na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kupulizia majani.

Halafu kuna yale maneno ya mbele ya chupa: "ya kupenyeza" na "ya kushika maji". Ya kupenyeza inasemekana inayapeleka maji chini haraka ili uso wa uwanja ubaki mkavu na mgumu. Ya kushika inasemekana inayaweka kwenye mizizi. Kuna ukweli ndani yake, lakini wauzaji wanauvuta kuliko unavyoruhusu. Dawa iliyosajiliwa upande mmoja inaweza kufanya kazi ya upande mwingine kutegemea udongo, kiasi na umwagiliaji. Faida unayoweza kuitegemea kwa uhakika ni moja: unyevu unakuwa sawa uwanja mzima. Mahali palipokuwa vumbi panapata maji kama mahali pengine, na hapo ndipo unapookoa maji, maana huhitaji tena kuzamisha bustani nzima kwa sababu ya viraka vitatu.

Vitu vitatu vinauzwa au kupendekezwa kana kwamba ni dawa hizi, na sivyo. Cha kwanza ni stika, ile ya duka la pembejeo ambayo wakulima wa tumbaku na nyanya wanaichanganya kwenye dawa ya wadudu ili igande kwenye jani. Imetengenezwa kwa ajili ya jani, na kiasi chake ni kidogo mno kwa udongo. Cha pili ni punje za jeli zinazovimba zikinywa maji. Hizo zinahifadhi maji kwenye shimo la mche, lakini haziondoi ukinzani wa mchanga, na ukizimwaga juu ya nyasi zinateleza na kuliwa na jua. Cha tatu ni sabuni ya kufulia au ya vyombo. Nawasihi sana kuhusu hii. Sabuni inaondoa nta ya jani lenyewe, ile inayolilinda na jua, inaingiza sodiamu kwenye udongo, inatoa povu, na nguvu yake kwenye mchanga inakwisha baada ya maji machache. Siku mbili za kwanza unaona maji yanaingia, unafurahi; wiki ya pili ncha za majani zimeungua.

Hatua ya nne: linganisha bei kwa mita na kwa mwezi

Bei ya chupa haikuambii chochote. Unachotaka kujua ni shilingi ngapi kwa eneo lako kwa kila mwezi wa kinga. Chukua mfano wa bustani ya mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300, na bei za kubuni kwa ajili ya hesabu tu. Dawa ya kwanza ni shilingi 60,000 kwa lita, mililita 2 kwa mita ya mraba, inarudiwa kila mwezi. Unahitaji mililita 600, sawa na shilingi 36,000 kwa mwezi. Ya pili ni shilingi 90,000 kwa lita, mililita 3 kwa mita, inadumu miezi mitatu. Unahitaji mililita 900, shilingi 81,000, ukigawanya kwa tatu unapata 27,000 kwa mwezi. Chupa ghali imekuwa nafuu.

Kibandiko kizuri kinakupa vitu hivi bila kuvitafuta: jina la kiambato na asilimia yake, kiasi kwa eneo, muda wa kurudia, kiasi cha maji ya kuchanganyia, na agizo la kumwagilia baada ya kupulizia. Chupa yenye kiambato asilimia 10 na nyingine yenye asilimia 80 zinaweza kukaa rafu moja kwa bei zinazokaribiana, isome. Kama asilimia haikuandikwa na muuzaji haijui, iache. Kama chupa inaahidi kwamba utapunguza maji nusu, muulize muuzaji ni kwenye udongo gani na nyasi gani. Na kwa kuwa dawa hizi huku hazitoki dukani kila siku, angalia tarehe, na uhakikishe lakiri haijavunjwa. Sinunui dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji, na wewe usikubali.

Kuhusu umbo: kioevu ndicho kinachotandaa sawasawa na kinachofaa uwanja. Punje za kumwaga kwa mkono ni rahisi kwa bustani ndogo isiyo na bomba la kupulizia, ila zinahitaji maji mengi zaidi ili ziyeyuke, na ukimwaga bila kupima unapata mistari. Kuna pia tembe ngumu zinazowekwa ndani ya kifaa cha mwisho wa mpira wa maji, zinayeyuka taratibu unapomwagilia. Hizo zinafaa sana kwa mtunza uwanja anayezunguka na mpira akitibu kiraka kimoja kimoja, na kama viraka vyako ni vichache ningeanzia hapo.

Hatua ya tano: hesabu ya maji kabla ya dawa

Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Dawa nyingi zinataka zishushwe mara moja kwa milimita 3 hadi 6. Tuchukue 5. Kwa bustani ya mita 300 hiyo ni lita 1,500, sawa na ndoo 75 za lita 20, au uniti moja na nusu kwenye bili. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Milimita 5 ni lita 35,700, karibu uniti 36 kwa mara moja, na dawa yenyewe kwa kiasi cha mililita 2 ni lita 14 na ushee.

Maji ya Ziwa Victoria yaliyofika mjini yametupunguzia adha tuliyoizoea tulipokuwa tukitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, lakini yanalipiwa. Kama huna maji ya kushushia dawa, usiipulizie. Dawa inayobaki juu ya jani inaunguza na haijafika ilikotakiwa. Katika hali hiyo ni heri kutibu viraka tu, na kuacha uwanja uliobaki. Ukoka una mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Unaweza kugeuka rangi ya kahawia mwezi Septemba na kuchipua tena mvua zikirudi. Kuuacha upumzike ni uamuzi halali kabisa kwa shule yenye bomba moja, ili mradi msicheze mechi kila siku juu yake.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, udongo ukiwa bado na unyevu. Karibu mvua yetu yote ya mwaka hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo hapo ndipo unapoingia kiangazi na akiba ya kuilinda. Kinga inahitaji dawa kidogo na inashika vizuri. Anayesubiri hadi Agosti, mchanga ukishakauka hadi chini, atalazimika kutoboa, kulowesha kwa siku kadhaa, na mara nyingi kurudia dawa baada ya wiki moja au mbili kama kibandiko kinaruhusu.

Hatua ya sita: jaribu pembeni kwanza

Pima viboksi viwili vya mita 3 kwa 3 kwenye eneo lenye ugonjwa, uviwekee vigingi. Kimoja kipe dawa na maji, kingine kipe maji yaleyale bila dawa. Bila hicho cha pili hutajua kama ni dawa iliyosaidia au ni kule kumwagilia kwa bidii. Baada ya wiki mbili au tatu toa vipande vya udongo kutoka vyote viwili, ukaushe, urudie matone. Tone likimezwa upande wa dawa na kusimama upande wa pili, nunua ya eneo zima. Kamati ya michezo ikiuliza kwa nini mnanunua, waonyeshe vipande hivyo viwili juu ya gazeti. Hakuna maelezo yanayozidi hayo.

Hatua ya saba: kupulizia

Toa kwanza zulia la mabua makavu lililofumana chini ya nyasi kama limepita sentimita moja hivi. Kwaruza kwa reki ya chuma. Zulia hilo likikauka nalo linakataa maji, na linakula dawa kabla haijafika kwenye mchanga. Palipo na ugonjwa mkali, toboa kwa uma hadi sentimita 10, ukiacha sentimita 10 kati ya tobo na tobo. Siku iliyotangulia mwagilia kidogo ili udongo usiwe mkavu kabisa.

Halafu bomba la kupulizia. Huku Tabora bomba la mgongoni la lita 16 liko kwenye kaya nyingi za wakulima, na hapo ndipo hatari ilipo: limeshapitisha dawa ya magugu. Mabaki kidogo ya kiuagugu yanatosha kuua ukoka wako. Ukiweza, tenga bomba la bustani peke yake. Ukishindwa, lioshe kwa maji na sabuni, suuza mara tatu, upulizie maji safi kupitia mpira na pua yake, kisha jaribu kwenye kipande kidogo cha nyasi usubiri wiki.

Pima mwendo wako. Weka alama mraba wa mita 5 kwa 5, weka maji matupu yaliyopimwa kwenye bomba, pulizia mraba huo kwa mwendo wako wa kawaida, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, kisha pima yaliyobaki. Kama umetumia lita 2, umetoa mililita 80 kwa mita ya mraba, na hicho ni kiasi kizuri. Dawa nyingi zinataka mililita 80 hadi 100. Kwa bustani yetu ya mita 300 utahitaji lita 24, yaani mabomba mawili ya lita 12 kila moja, na dawa ya mililita 600 unaigawa 300 kwa 300. Tia maji nusu kwanza, kisha dawa, kisha maji yaliyobaki taratibu, la sivyo povu litajaa hadi mdomoni.

Pulizia asubuhi mapema au jioni jua likishapoa, usiku usiwe na mvua kubwa inayotarajiwa. Nenda mistari ya urefu kwa nusu ya dawa, kisha mistari ya upana kwa nusu nyingine, huachi pengo. Vaa glavu na miwani, maana ikiingia jichoni inachoma. Mwenzako afuate nyuma na mpira wa maji kabla majani hayajakauka. Kwa uwanja mzima bomba la mgongoni si kazi ya kumpa mtu mmoja: kwa lita 80 za mchanganyiko kila mita za mraba 1,000 utajaza bomba zaidi ya mara 35. Tafuta pampu ya kuvutwa, au gawa uwanja kwa siku tatu.

Usipulizie siku ya mechi wala siku mbili kabla yake. Nyasi zilizopandwa karibuni zisubiri hadi zikatwe mara mbili au tatu, isipokuwa kibandiko kiseme vinginevyo. Na usioshee bomba karibu na bwawa la samaki au mfereji: safakitanti zinadhuru matamvua ya samaki hata kwa kiasi kidogo. Wenzetu wa Kigoma, ambako mji umekaa kwenye mteremko na mifereji inaishia Ziwa Tanganyika, wanapaswa kuwa makini na hili kuliko sisi, hasa wasipulizie saa chache kabla ya mvua ya Novemba.

Baada ya hapo

Siku kumi za kwanza angalia majani. Ncha zikigeuka manjano sawasawa na mistari uliyopita, umezidisha kipimo au hukushusha kwa maji ya kutosha. Mwagilia milimita 5 nyingine. Kiraka kisichobadilika baada ya wiki tatu kirudishe kwenye kipimo cha tone, kwa sababu huenda kina mchwa au kifusi pamoja na nta.

Badilisha pia umwagiliaji. Udongo ukishakubali maji, mwagilia mara chache na kwa kina badala ya kidogo kila siku, ukiangalia kwa bisibisi unyevu umefika wapi. Usiuache ukauke kabisa katikati ya kiangazi, kwa kuwa hapo ndipo nta inapogeuka nje tena. Kila mwaka mvua zikianza, tandaza mboji iliyoiva vizuri na kuchekechwa, tabaka jembamba linalopenya kati ya majani. Mboji haiondoi nta mara moja, lakini inaongeza uwezo wa mchanga kushika maji, na baada ya misimu kadhaa unaweza kujikuta unahitaji dawa kwenye viraka viwili tu.

Dawa iliyobaki ifunge kwenye chupa yake yenyewe, iweke kivulini mbali na watoto, na uandike kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyoifungua. Novemba mvua zikishika, acha kupulizia. Mwishoni mwa Machi toa vipande vya udongo tena, vikaushe, udondoshe matone. Mwaka ambao tone linazama kabla ya sekunde 5 hadi sentimita ya tano, fedha ya dawa inunue mbegu au mpira mpya wa kumwagilia.